Washauri kumi na saba na kinyama kimoja: tuliyoambiwa kuhusu saratani ya utumbo mpana

Majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kilichochukuliwa kwenye uvimbe wa mume wangu kipimwe, yalitoka Alhamisi. Kufikia Jumapili jioni nilikuwa nimeshapata washauri kumi na saba. Nimewahesabu, maana mimi ndiye mtunza hazina wa kikundi chetu cha akina mama na kuhesabu kumeshaniingia kwenye damu. Kila mmoja alikuja na chupa ya mtori na habari yake. Mtori ulikuwa mzuri. Habari ndizo zilizotaka kutuponza.

Baba Elia, mume wangu, ana miaka 52, fundi gereji wa Pasua, hapa Moshi. Miezi minane alikuwa akiona damu chooni na kununua dawa ya bawasiri, hadi siku alipopanda ngazi sita akakaa chini kuhema. Kamera ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto wa utumbo mpana. Siti skani ikaonyesha madoa matatu kwenye ini. Hatua ya nne.

"Kisu kikigusa, inasambaa"

Hii ililetwa na mama mkwe mwenyewe, na mama mkwe habishiwi. Alikuwa na mifano mitatu kutoka Kibosho, watu "waliopasuliwa tu, wakaondoka".

Ukweli ni kwamba wengi wa hao hupasuliwa ugonjwa ukiwa umeshatembea. Karibu damu yote itokayo utumboni hupita kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, ndiyo maana ini huwa kituo cha kwanza cha saratani hii. Safari hiyo haianzishwi na kinyama kilichochukuliwa kwa kamera. Na bila kinyama hakuna tiba, kwa sababu uvimbe wa tumboni unaweza kuwa kifua kikuu cha utumbo, au limfoma (saratani ya tezi), na kila kimoja kina dawa zake.

Lakini nimtendee haki mama mkwe, kuna chembe ya ukweli mahali pamoja. Madoa ya ini ambayo huenda yakakatwa, madaktari wa upasuaji hawapendi yachomwe sindano bila sababu nzito, kwa kuwa seli zinaweza, kwa nadra, kubaki kwenye njia ya sindano. Kwa hiyo daktari akisema "la ini tusilichome, kinyama cha utumbo kinatosha", si uvivu.

"Hatua ya nne ni kuhesabu siku"

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, na ndilo lenye mengi ndani yake.

Hatua ya nne inakwambia kitu kimoja tu: ugonjwa umefika kwenye kiungo cha mbali. Haikwambii umefika wapi na wapi, kwa kiasi gani, wala kama unaweza kutolewa. Aliye na madoa matatu upande mmoja wa ini na ambaye ugonjwa umejaa tumbo zima na mapafu wanaandikiwa namba ile ile, ila safari zao hazifanani. Marekani, kati ya watu 100 wanaogundulika ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, karibu 13 hadi 16 huwa hai baada ya miaka mitano. Wale wachache ambao madoa ya ini yanaweza kukatwa yote, kwenye hospitali zenye uzoefu, hukaribia 40 kati ya 100. Si namba za kushangilia, maana hata kwao ugonjwa hurudi mara nyingi. Ila ni namba mbili tofauti, na mwanzoni sisi tulipewa moja tu.

Kwa hiyo swali la kubeba ni hili: haya madoa yanakatika leo, au yatakatika dawa ikiyapunguza, au hayakatiki kabisa? Ini huota tena likibakizwa karibu theluthi moja yenye afya. Anayeweza kujibu ni bingwa anayefanya upasuaji wa ini mara kwa mara. Daktari mzuri wa kuondoa kidole tumbo anaweza kukwambia "haiwezekani" kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kwake haiwezekani.

Swali la pili limo ndani ya kinyama chenyewe. Kipande kile hakitupwi, hugandishwa kwenye nta na kutunzwa maabara, na kinaweza kupimwa zaidi. Kuna jeni zinaitwa KRAS, NRAS na BRAF. Dawa kama setuksimabu haina kazi kama KRAS au NRAS imebadilika, na hufanya vizuri zaidi uvimbe ukiwa upande wa kushoto. Kuna pia kipimo cha kuona kama mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya jeni umeharibika. Katika hatua ya nne ni wagonjwa wanne au watano tu kati ya 100 walio hivyo, lakini kwao dawa ya kuamsha kinga ya mwili iitwayo pembrolizumabu ilionekana mwaka 2020 kuwa bora kuliko kemo (dawa za kuua seli za saratani) kama tiba ya kwanza. Bei yake inatisha. Baba Elia hakuwa miongoni mwa hao, nami nilifurahi angalau kujua, kwa sababu tayari kulikuwa na mtu anatuhimiza tuuze shamba la Machame kwa ajili ya dawa hiyo.

"Kumuuliza daktari wa pili ni kumdharau wa kwanza"

Niliogopa wiki mbili kulisema. Nilipolisema, daktari wetu alivuta karatasi akaanza kuandika muhtasari. "Mama, hata mimi ningeuliza," alinijibu, na akaongeza kwamba kesi kama hizi hawaamui peke yao, hukaa kikao: wa upasuaji, wa saratani, wa picha na wa maabara. Uliza kama kesi ya mwenzako imepita kwenye kikao hicho. Wakati mwingine maoni ya pili unayotaka kuyafuata mbali yako ghorofa ya juu.

Upande mwingine alikuwepo shemeji, mdogo wa Baba Elia, aliyekwishafungua kundi la michango na kuandika "INDIA" kwa herufi kubwa. Dhana yake ilikuwa kwamba maoni ya pili maana yake ni kupanda ndege. Mimi nasema karatasi zitangulie, mtu afuate kama kuna sababu. Tuliandaa bahasha moja: majibu ya kinyama, CD ya siti skani (picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haisomeki vizuri, na madoa madogo hupotea), majibu ya damu na ya CEA (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii), orodha ya dawa, na muhtasari wa daktari. Kama mgonjwa ameshapasuliwa, ripoti ya upasuaji nayo iwemo. Kile kipande cha nta kinaweza kuombwa maabara kisomwe upya na mtaalamu mwingine.

Bingwa mmoja wa Hyderabad, India, aliyasoma makaratasi. Jibu lake: aanze kemo, siti skani irudiwe baada ya miezi miwili, ndipo mzungumze habari ya kisu. Dawa alizotaja ni zile zile tulizokuwa tumeandikiwa hapa: oksaliplatini na floroyurasili, kila baada ya wiki mbili, na dripu ya mwisho ikitiririka polepole kwa saa 46. Sasa tungekwenda kufuata nini? Nauli ya ndege, vyumba, na mimi kuacha watoto, kwa dawa inayopatikana KCMC, hospitali ya hapa hapa Moshi. Michango tumeiweka. Kama ini litakuwa la kukatwa, hapo ndipo tutaihitaji. Na mtu anayekuandalia safari ya matibabu, muulize bila aibu analipwa na nani.

Dawa hiyo ina vituko vyake ambavyo hakuna mshauri aliyevitaja. Oksaliplatini haipatani na baridi. Julai, ukungu ukishuka mlimani, Baba Elia alikuwa akishika spana vidole vinachomwa kama na sindano, na maji ya mtungini yalimkaba koo. Akavaa glovu, akanywa maji ya uvuguvugu. Nywele zilipungua tu, hazikuisha. Kubwa zaidi: akiwa kwenye kemo, homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali usiku huo huo. Usianze na dawa ya malaria nyumbani, maana kinga ikiwa chini maambukizi hayangoji asubuhi.

"Saratani ni mionzi, na mionzi ni Ocean Road"

Ocean Road ni taasisi kubwa ya saratani jijini Dar na wengi wetu tunaijua kwa jina hilo tu. Lakini saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hutibiwa zaidi kwa dawa, na mara nyingine upasuaji. Mionzi ina nafasi kubwa kwenye ile ya rektamu, karibu na njia ya haja. Muulize daktari uvimbe uko wapi hasa kabla hujakata tiketi ya basi la Dar.

Kikombe na majani

Sisi wa kaskazini tuna historia. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Shangazi yangu alikwenda, na simcheki. Mtu aliyekata tamaa hupanga foleni palipo na foleni. Ila wapo waliokunywa wakaacha dawa zao, na hao ndio wa kuwakumbuka.

Siku hizi ni majani ya mstafeli. Maabarani, kwenye vyombo, dondoo lake huua seli za saratani. Hata sabuni huziua. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba linatibu. Zaidi ya hayo, kisiwani Guadeloupe watafiti walihusisha unywaji mwingi wa mstafeli na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Mtu ambaye dawa tayari inamtia ganzi vidoleni hahitaji hilo. Tunda lenyewe mara moja moja si neno. Chochote cha kuchemsha, mtajie daktari. Wa kwetu hakugomba.

"Akipewa mofini, amefika mwisho"

Jirani aliiona chupa mezani akaanza kulia. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutolewa kwa kipimo cha maumivu, si kipimo cha siku zilizobaki. Anayeinywa kwa maumivu ya saratani, akifuata maelekezo, kwa kawaida hageuki teja. Maumivu yakipungua, dozi hupunguzwa polepole. Shida yake ya kweli ni choo kigumu, kwa hiyo idai dawa ya kulainisha choo siku ile ile. Wahudumu wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, tuliwaita kwa kuchelewa, tukidhani ni watu wa kuaga. Kumbe wangetufaa tangu dripu ya kwanza, kwa kichefuchefu, kwa usingizi, na hata kwa mimi niliyekuwa nalia bafuni.

Mengine mafupi

Haiambukizi; tunalala kitanda kimoja. Kumnyima ugali na ndizi ili "saratani ife njaa" humkondesha mgonjwa kabla ya uvimbe.

"Ni yake peke yake"

Hapana. Ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, kaka, dada na watoto, wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na ushauri wa kawaida ni wapimwe kwa kamera wakifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogundulika ndugu yao, lolote litakalotangulia. Elia ana 19, tumeshamwambia mwaka wake.

Siti skani ya pili imetoka. Madoa mawili yamesinyaa, la tatu liko pale pale. Kikao ni wiki ijayo. Shemeji, yule wa INDIA, ana miaka 44. Juzi akinisaidia kupanga bahasha aliniuliza kwa sauti ya chini kama dawa ya bawasiri inaweza kutumika mwaka mzima. Nimemchukulia namba ya kliniki ya Jumanne.