Kigae Kizuri Hakizuii Mchi wa Jirani

Malalamiko yanayoletwa kwenye maabara yetu ya vifaa vya ujenzi yamebadilika sura. Zamani wananchi walituletea vigae vilivyopasuka na saruji isiyoshika. Sasa wanalalamikia kelele ya jirani wa juu na joto la sakafu, hasa hapa Mombasa, ambako ghorofa zimesongamana. Wengi hufika kwetu wakiwa wameshang'oa sakafu nzima na kuweka nyingine ya bei, na kelele ipo vile vile. Inasikitisha, maana fedha hizo zingetosha kuitengeneza sawasawa mara ya kwanza.

Sauti ya hewani, kama redio na mazungumzo, huzuiwa na uzito. Sauti ya kishindo, yaani nyayo, kiti kinachoburutwa au mchi ndani ya kinu, huingia kwenye zege lenyewe na kutokea upande wa pili. Hiyo inataka kitu kinachonepa kati ya uso unaopigwa na slabu, yaani bamba la zege la sakafu. Slabu tupu ya milimita 150 hupitisha kishindo cha kiasi cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 75 ikipimwa kwa mashine ya maabara, ile yenye nyundo 5 za gramu 500, kila moja ikianguka kutoka kimo cha milimita 40, mapigo 10 kwa sekunde. Katika kanuni za ujenzi za Uingereza, sakafu inayotenganisha nyumba mbili mpya haitakiwi kuzidi desibeli 62. Kigae kilichogandishwa moja kwa moja juu ya slabu hakipunguzi chochote cha maana, kiwe cha milimita 8 au 12, kiwe cha Uhispania au cha hapa nchini. Naulizwa jambo hili kila wiki, nami nalijibu vile vile kila wiki.

Kinachofanya kazi ni sakafu ya tabaka: slabu chini, tandiko linalonepa katikati, na juu yake skridi (tabaka la saruji na mchanga) au mbao zisizogusa kitu kingine chochote. Zisizogusa kabisa. Nyumba moja niliyoikagua ilikuwa na kila kitu kilichotakiwa: tandiko la mpira, skridi ya milimita 50, vigae vilivyolala sawa. Bado mama wa chini alisikia kila pigo la mchi. Tulipobandua skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, tukakuta ukingo wote umejazwa grauti (saruji ya kujazia viungo vya vigae), nyeupe na laini, fundi ameipangusa vizuri kwa sifongo. Nilijaribu kuingiza kisu cha rangi kati ya kigae na ukuta, hakikupita hata ncha. Kumbe sakafu yote ilikuwa imeshikana na ukuta, na ukuta ndio uliokuwa ukiteremsha kishindo. Tuliukata ukingo huo kwa grainda, chumba kizima, tukaweka utepe wa sponji na silikoni juu yake, kisha skatingi ikarudishwa ukutani ikiwa imeinuliwa kidogo isiguse kigae. Jioni jirani wa juu akaombwa atwange. Mama yule alitazama dari, akaniuliza kama wameshaanza.

Fundi yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza kwamba pengo lile ni sehemu ya kazi.

Anayetaka kutengeneza tandiko au mbao mseto hapa nchini hana upungufu wa malighafi. Usumba wa nazi upo Kilifi na Kwale, mkonge upo, matairi makuukuu yapo kupita kiasi. Matairi yaliyosagwa na kushikizwa kwa gundi hutoa tandiko linalonepa na kurudi. Usumba uliofumwa na kunyunyiziwa utomvu wa mpira hufanya vivyo hivyo, tena huzuia joto. Ugumu wa tandiko ndio wa kupimwa kwa makini: likiwa gumu mno ni sawa na kuongeza zege, likiwa laini mno skridi itapasuka siku kabati zito litakapowekwa. Kwa mbao zinazochanganya nyuzi na plastiki, nyuzi za mimea huanza kuungua joto likikaribia Selsiasi 200, kwa hiyo chagua plastiki inayoyeyuka chini ya hapo, kama polipropilini inayoyeyuka kwenye Selsiasi 165 hivi. Nyuzi zioshwe kwanza kwa soda kali ili nta yake itoke na plastiki ishike. Usumba usiotiwa dawa hushika moto na ukungu, na mchwa huupenda. Hatuupokei.

Sasa joto. Zege hupitisha joto takriban mara 30 zaidi ya mkeka wa usumba mkavu, kwa sababu usumba umejaa hewa iliyotulia. Lakini wepesi huo huo unaozuia joto hauzuii redio ya jirani, kwani redio inataka uzito. Ndiyo maana tunasema tabaka, si kifaa kimoja. Nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa hivyo: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe juu yake, kisha chokaa nene. Chumba kinabaki baridi mchana kutwa.

Mahali pa kuweka tandiko la kuzuia joto ni juu ya slabu ya paa, chini ya vigae vyeupe. Sakafu ya chini inayokaa juu ya ardhi iacheni. Ardhi ndiyo inayowapoza, na kila mwaka tunaona watu wa Pwani wakiitenga na nyumba kwa gharama yao wenyewe kwa sababu tu wameona nchi za baridi zikifanya hivyo. Na mbao za plastiki ya PVC zikipigwa na jua la dirishani hutanuka mapema kabla ya kulainika, na hulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Achieni pengo la milimita 8 hadi 10 ukutani, wala msizipigilie kabati juu yake.

Kabla ya kumwaga skridi, mwoneni mhandisi wa jengo. Skridi ya milimita 50 ina uzito wa kilo 100 kwa mita mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinabeba kilo 1,600 za ziada.

Kuhusu ununuzi: bidhaa ya nchini iwe na alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Kuihakiki, andika SM, alama ya reli (#), kisha nambari ya kibali, utume kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. Iliyoagizwa nje iwe na stika ya KEBS ya bidhaa za nje. Desibeli zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa juu ya slabu nzito ya zege; slabu yenu ikiwa ya matofali yenye matundu, msitarajie namba ile ile.

Kuhusu malalamiko: Kanuni za Kelele za Kenya za 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya makazi, usiku ukihesabiwa kuanzia saa 2 na dakika 1 usiku hadi saa 12 asubuhi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Hata hivyo, kanuni hizo zinamkabili mpiga kelele, si sakafu, na maabara haina mamlaka ya kumshtaki jirani yako. Sisi tunapima na kutoa ripoti.

Anayeleta sampuli alete vipande kutoka boksi moja, vyenye nambari ya toleo, pamoja na risiti. Sampuli hukaa kwanza kwenye chumba cha nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50 kabla ya kuguswa, kwa hiyo msitupigie simu kesho yake. Na kama kazi inaendelea nyumbani, piga picha ukingo wa sakafu, kona zote nne, kabla skatingi haijafungwa. Ndicho kitu cha kwanza tutakachokuuliza.