Tafuta kwanza kinachopasha: pesa ya nyumbani inavujia wapi

Kazi yangu ni kukagua matumizi ya umeme na maji majumbani. Mara nyingi ninaitwa bili inapopanda na wenye nyumba wasijue kwa nini. Karibu kila ninakoingia nakuta juhudi zipo tayari: chaja zimechomolewa, taa ya korido imezimwa, watoto wamekwisha kukaripiwa kwa kuacha redio ikiongea peke yake. Tatizo ni kwamba juhudi hizo zinaelekezwa mahali ambapo pesa nyingi haipiti. Tunabana tunachokiona na kukisikia. Joto linalotoka kwenye sufuria isiyofunikwa, au maji yanayochuruzika ndani ya choo usiku kucha, hayamshtui mtu.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo ukiielewa hutahitaji kukariri ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo. Kila kifaa cha umeme kina kibandiko, mara nyingi nyuma au chini, kinachotaja wati zake. Zidisha wati hizo kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu lake ndilo uniti unazolipia. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 inakula uniti 0.045. Balbu ya zamani ya wati 60, yenye mwanga unaokaribiana na huo, ingekula 0.3 kwa muda uleule. Kwa hiyo kama bado una balbu za zamani, zibadilishe, ukianza na ile inayowaka muda mrefu zaidi. Ukishamaliza hilo, kwenye taa hakuna kikubwa tena cha kuokoa.

Tuje kwenye simu, maana ndiyo inayosababisha ugomvi. Betri ya simu ya kawaida inabeba kama wati-saa 15. Ukijumlisha na kinachopotea kwenye chaja, tuseme 20 kuijaza yote, yaani uniti 0.02. Sasa chukua hita ya bafuni inayopasha maji papo kwa papo, ya wati 5,000. Ukioga dakika 10 umetumia uniti 0.83. Umeme huo ungejaza simu mara 40. Ukipunguza dakika 2 tu za kuoga, umeokoa zaidi ya kinachochaji simu wiki nzima.

Ndiyo maana ninapofika kwa mteja nauliza kwanza habari za vitu vinavyopasha: hita, birika la umeme, pasi, oveni, jiko, kikausha nywele. Lita 1 ya maji ikitoka nyuzi 20 hadi kuchemka inahitaji karibu uniti 0.1, na hakuna birika, liwe la kisasa namna gani, linaloweza kukwepa hapo. Unachoweza kubadilisha ni kiasi cha maji. Anayehitaji kikombe kimoja lakini akajaza birika lita 1.7 amelipia maji ambayo yatapoa pale pale mezani, na baada ya saa moja atayachemsha upya. Pima kwa kikombe chenyewe unachonywea.

Jikoni ndiko ninakotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu hapo mazoea yana nguvu kuliko vifaa. Wengi huacha moto mkali baada ya sufuria kuchemka, wakiamini chakula kitaiva upesi. Hakiivi upesi. Maji yakishachemka, kwenye usawa wa bahari yanasimama kwenye nyuzi 100, na moto wa ziada hauyapandishi hata nyuzi moja. Kazi yake inakuwa kuyageuza mvuke tu, na hiyo ni kazi ya gharama kubwa: lita 1 ikiisha yote kwa mvuke inameza joto karibu mara 7 ya lile lililoifikisha kwenye kuchemka. Kila unapoongeza maji kwa sababu yamekauka, kumbuka umelipia kuyakausha.

Jaribu hivi leo. Sufuria ikichemka, funika vizuri, kisha teremsha moto kidogo kidogo huku ukisikiliza. Ukifika mahali ambapo unasikia tu mtokoto mdogo na kifuniko hakirukiruki, acha hapo. Utashangaa moto unaohitajika kudumisha hali hiyo ulivyo mdogo, na muda wa kuiva ni uleule. Ukiwa na sufuria ya presha ni bora zaidi kwa vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, kwani humo ndani maji hufika karibu nyuzi 120, na hapo muda unapungua kweli. Nafaka na mbegu kavu ziloweke tangu usiku. Na kama unatumia jiko la umeme la sahani nzito, lizime dakika chache kabla ya chakula kuwa tayari, kwa sababu sahani inabaki na joto la kutosha kumalizia.

Kwa wanaotumia gesi, tazameni rangi ya moto. Ukiwa wa buluu, gesi inaungua vizuri. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi chini ya sufuria, gesi haiungui yote: unapoteza pesa, na hewa ya jikoni inachafuka kwa sumu. Mara nyingi ni vitundu vya jiko vilivyozibwa na mabaki ya chakula. Vizibue jiko likiwa limepoa, na moto ukibaki wa manjano mwite fundi. Moto unaopanda pembeni mwa sufuria nao haupiki kitu, unapasha ukuta.

Baada ya vinavyopasha, kundi la pili ni vitu visivyopumzika. Kifaa cha wati 10 kinaonekana si lolote, lakini kikikaa kwenye umeme mwaka mzima kinafikisha uniti 87.6. Televisheni nyingi za kisasa zikizimwa kwa rimoti hutumia chini ya wati 1, hizo zisikusumbue. Baadhi ya ving'amuzi, hata hivyo, huendelea kutumia wati 10 au zaidi vikiwa "vimezimwa". Utajuaje cha kwako? Mita yako inaweza kukuambia. Mita nyingi za kielektroniki zina kitaa kidogo kinachomweka, na pembeni yake kuna maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa humweka mara 1,000 kwa kila uniti. Zima vyote unavyodhani vinatumia umeme, kisha hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na mwingine. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati zinazotumika muda huo. Kitaa kikimweka kila baada ya sekunde 60, kuna wati 60 zinaondoka na nyumba umeizima. Chomoa kifaa kimoja kimoja na uhesabu tena. Kama mita yako imeandikwa namba nyingine, kwa mfano 3200, gawanya jibu lako kwa 3.2. Kipimo hiki nakipenda kuliko ushauri wowote wa jumla, kwa sababu kinamaliza ubishi ndani ya nyumba.

Friji ni ya kundi hili, nayo huwezi kuizima, basi isaidie kufanya kazi. Bana kipande cha karatasi kwa kuufunga mlango juu yake, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka au una uchafu. Usafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha rudia kwenye kila upande wa mlango. Acha nafasi nyuma yake, kwa sababu joto lote linalotolewa ndani ni lazima lipate pa kwenda, na usiiweke kando ya jiko au pale jua linapopiga. Ndani nyuzi 4 zinatosha, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kushusha zaidi ya hapo ni kulipia baridi isiyo na kazi. Barafu ikiganda kwa unene kwenye kuta, iyeyushe, lakini usiichokonoe kwa kisu, maana ukitoboa bomba la ndani ndiyo mwisho wa friji. Chakula cha moto kiache kipungue mvuke kwanza, ila kisikae nje zaidi ya saa 2.

Kwenye maji, usiku ndio wakati wa kupima. Soma mita ya maji kabla ya kulala, asitumie mtu, uisome tena asubuhi. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji, subiri kama dakika 15. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, mpira unaozuia maji ndani ya tangi haufungi. Bomba linalodondosha nalo liwekee chombo kwa saa moja. Ukipata robo lita, hizo ni lita 6 kwa siku, na zaidi ya lita 2,000 kwa mwaka. Kama ni bomba la maji ya moto, unapoteza mara mbili. Kwa kawaida kinachohitajika ni washa mpya, yaani kile kipete cha mpira ndani ya bomba kinachozuia maji. Funga koki kuu kabla ya kufungua chochote.

Kufua na kupiga pasi nayapitia haraka. Mashine ya kufulia hutumia sehemu kubwa ya umeme wake kupasha maji, hivyo nguo zisizo chafu sana zifue kwa nyuzi 30 na uzianike. Sabuni ikizidi kipimo haiongezi usafi, inaongeza maji ya kusuuza. Pasi ipige mara moja kwa nguo nyingi, ukianza na zinazotaka joto dogo.

Na chakula kinachotupwa? Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitupwa majumbani. Chakula hicho kimelipiwa sokoni, kikalipiwa tena kwenye friji, na pengine mara ya tatu kwenye jiko. Kununua kwa jumla nakuunga mkono kwa sabuni na vitu vikavu. Kwa vinavyooza sikushauri, hata bei iwe nzuri kiasi gani, mpaka uwe na hakika vitaliwa. Kilichotangulia kuingia kikae mbele, kipya kiende nyuma.

Swali ninaloulizwa mwishoni karibu kila mara ni kama inafaa kununua friji mpya inayotumia umeme mdogo. Chukua bei yake, gawanya kwa pesa itakayokuokolea kila mwezi. Jibu ni miezi ya kusubiri kabla haijaanza kukulipa. Ikizidi umri unaotarajia friji iishi, tengeneza ya zamani. Na dukani usiangalie nyota au herufi za lebo peke yake, kwa kuwa lebo nyingi huilinganisha friji na zenzake za ukubwa uleule. Kubwa yenye alama nzuri inaweza kula kuliko ndogo yenye alama ya chini. Tafuta namba ya uniti kwa mwaka iliyoandikwa kwenye lebo hiyo hiyo.