Je, wajua kwa nini asali hukata harufu ya kidonda cha saratani?

Saratani ya titi, ya ngozi au ya shingo ikifika mbali inaweza kupasua ngozi na kuacha kidonda kisichofunga tena. Maumivu yana morfini. Harufu ndiyo inayomfanya mgonjwa ajitenge, ale peke yake, akatae hata kumpakata mjukuu. Katika tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, asali ni mojawapo ya vitu vinavyotumika kuikata.

Jibu ambalo wengi wetu tumelishikilia ni jepesi: asali inaua vijidudu, vikifa harufu imekwisha. Wengine hudhani inaifunika harufu kama udi unavyofanya chumbani. Na wapo wanaoamini kwamba asali inaivuta saratani nje.

Hilo la mwisho lazima lisemwe waziwazi, maana linagharimu watu. Asali haiugusi uvimbe ulio chini. Kidonda kinaweza kuwa chekundu, kisafi, kisicho na usaha, na saratani ikawa palepale. Anayeacha dawa za hospitali kwa sababu kidonda "kimependeza" amedanganywa na macho.

La udi halina msingi. Asali iliyofungwa chini ya bandeji hainukii kiasi hicho. La kuua vijidudu lina ukweli, ila si wote. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari na maji yake ni machache, hivyo humnyonya bakteria kama chumvi inavyomkausha ng'onda. Ina asidi pia, na kimeng'enya kilichotoka kwa nyuki hutoa haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu, kidogo kidogo asali inapochanganyika na maji. Lakini kidonda cha saratani huvuja sana. Asali huzimuliwa, na nyama iliyokufa huendelea kulisha bakteria. Bakteria hawafi wote, na bado harufu hupungua. Kwa nini?

Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya mlo. Fikiria vyungu viwili jikoni. Kimoja kina uji wa togwa, kingine kina samaki aliyesahauliwa. Vyote vimekaa siku mbili kwenye joto lilelile, na vyote vimejaa bakteria. Togwa inanukia uchachu unaovutia. Samaki anakutoa nje. Tofauti iko kwenye kilichomo chunguni: bakteria wanaokula sukari hutoa asidi ya laktiki, na wanaokula protini hutoa amonia, misombo ya salfa, na kemikali mbili, putresini na kadaverini, ambazo hata majina yake yametokana na kuoza na maiti.

Kidonda cha saratani ni chungu cha samaki. Hakina sukari ya kutosha, kwa hiyo bakteria wanatafuna nyama mfu na majimaji. Weka asali, na ghafla kuna glukosi, yaani sukari nyepesi, tele. Bakteria wengi huanza na glukosi kabla ya protini, kama mbuzi aliyekuwa akitafuna maboksi anavyoyaacha ukimtupia majani mabichi. Mbuzi ni yuleyule. Kilichobadilika ni anachokula, na anachotoa. Ndiyo maana harufu hurudi asali ikiisha.

Ushahidi kwa wagonjwa wenyewe ni mwembamba. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2011, lenye wagonjwa 69, lililinganisha bandeji za asali na za madini ya fedha kwa wiki nne. Harufu, maumivu na ukubwa wa kidonda havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika kati ya makundi hayo. Hakukuwa na kundi la bandeji ya kawaida, kwa hiyo haijulikani ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na asali na kiasi gani na usafi wenyewe.

Kwa utendaji, mpe mgonjwa morfini ya maji nusu saa kabla ya kubadilisha bandeji. Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, acha yapoe. Lowesha gozi ya zamani, yaani kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, hadi iachie yenyewe. Ukiivuta ikiwa kavu, mishipa laini hupasuka na damu huwa ngumu kuzuia. Mimina maji, usisugue. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima inayozunguka. Gozi ya sentimita 10 kwa 10 huhitaji takriban mililita 20 za asali. Ipake kwenye gozi, si kwenye kidonda, maana ikipata joto la mwili huteleza na kumwagika. Juu yake weka pedi nene. Badilisha mara moja kwa siku, au hadi mara tatu kikivuja sana.

Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria hatari, na ukiichemsha kimeng'enya chake hufa. Kwa sababu hiyo asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama. Ya dukani iliyochanganywa na sukari guru haifai. Usiitumie kwa mwenye mzio wa nyuki, wala kwenye shimo refu usiloweza kulisafisha. Kwa baadhi ya wagonjwa uchachu wake huchoma. Maumivu yasipotulia, ioshe. Hapo unga laini wa vidonge vya metronidazo, ambayo wengi huita Flagyl, ukinyunyizwa kwenye kidonda, hupunguza harufu kwa kuwaua bakteria wasiohitaji hewa.