Kabla hujakata tiketi ya Kakunodate, uliza habari za baridi

Nimeulizwa tena wiki hii kuhusu sakura, yaani micheri ya Japani na maua yake: "Mtaalamu, sakura si zinachanua Aprili mosi? Mimi nishakata tiketi." Muulizaji anakwenda peke yake Kakunodate, mji mdogo wa mkoa wa Akita nchini Japani, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, uliopangwa mwaka 1620 na ukabaki na mitaa yake. Anautaka ule mtaa wa nyumba za samurai, wenye uzio wa mbao nyeusi na matawi yenye maua ya rangi ya waridi yanayoning'inia juu yake. Tarehe 1 Aprili atakuta matumba yamefumba, na pengine theluji bado imelala kwenye vivuli vya nyua.

Tarehe inarekebishika. Kinachoniudhi ni sababu anayopewa kila msafiri: kwamba sakura hufuata joto, kwa hiyo huanzia kusini na kupanda kaskazini, na dunia inavyozidi kupata joto ndivyo maua yatakavyozidi kuwahi kila mahali. Watu wanalirudia hili kama sala, na wanapangia safari zao humo.

Haya, tutazame takwimu. Kwa wastani wa miaka 1991 hadi 2020 wa idara ya hali ya hewa ya Japani, ua la kwanza hufunguka Tokyo tarehe 24 Machi. Kagoshima, kule chini kabisa kusini mwa kisiwa cha Kyushu, ni tarehe 26 Machi. Kama joto ndilo lingekuwa mwamuzi pekee, Kagoshima ingeitangulia Tokyo kwa mbali. Haiitangulii. Wenzangu, jibu liko kwenye majira yake ya baridi.

Tumba la sakura hutengenezwa kiangazi cha mwaka uliotangulia. Majani yakishapukutika, tumba hulala, na usingizi huo hauvunjwi na joto. Huvunjwa na baridi: wiki nyingi za nyuzi chache juu ya sifuri, zikijilimbikiza kidogo kidogo. Baridi ikishatimia, ndipo mti unapoanza kuhesabu joto. Mahali penye majira ya baridi ya uvuguvugu, hesabu ya kwanza huchelewa kukamilika, na ya pili nayo husogea mbele. Matumba huamka kwa kusuasua, tawi hili leo, lile wiki ijayo, na ile siku ya mti mzima kujaa maua huwa haionekani vizuri. Mabwana shamba wa Lushoto wanaolima plamu na pichi wanaijua tabia hii. Hiyo ni miti ya ukoo mmoja na sakura, na huko milimani Usambara inazaa, lakini ishushe Korogwe uone.

Kwa hiyo ongezeko la joto halina athari moja. Akita baridi ni tele, inatimia mapema, kilichobaki ni joto la Machi na Aprili tu. Miaka ya joto maua yanawahi kweli. Kagoshima joto hilohilo, likiingia Desemba na Januari, linaweza kuyachelewesha. Anayesema "sakura za Japani zinawahi" bila kutaja mahali hajasema kitu.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu hulipitia juujuu. Iko kanuni maarufu: jumlisha joto la juu la kila siku kuanzia tarehe 1 Februari, na jumla ikikaribia nyuzi 600, maua hufunguka. Kwa Tokyo inafaa. Lakini hiyo tarehe 1 Februari tumeiweka sisi, kwa urahisi wa hesabu. Kwa nje, tumba lililolala na lililokwisha kuamka yanafanana kabisa. Siku ya kuamka tunaikisia kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuchanua, halafu tunaitumia kutabiri kuchanua. Nazifanyia kazi hesabu hizi na mzunguko huo unaninyima raha. Utabiri wa kampuni za hali ya hewa unaotoka Januari, mimi siulipii chumba.

Kisha kuna suala la mti gani. Utabiri wote unaousoma unahusu Somei Yoshino, aina ya sakura inayoenezwa kwa kubebesha, yaani kikonyo cha mti mmoja huunganishwa kwenye shina la mwingine, kwa hiyo kila mti ni nakala ya mwenzake. Ndiyo maana mtazamaji wa serikali anaweza kusimama chini ya mti mmoja wa kielelezo, akahesabu maua matano au sita, akatangaza kwa niaba ya jiji zima. Kakunodate, miti hiyo ipo kando ya mto Hinokinai, safu ya karibu kilomita 2 iliyopandwa 1934 kushangilia kuzaliwa kwa mwanamfalme Akihito. Ile ya mtaa wa samurai ni mingine: ukoo wa Edohigan wenye matawi ya kuning'inia, ambao asili yake inasimuliwa kuwa ni miche iliyoletwa kutoka Kyoto katika karne ya 17. Hii haikutoka kwenye kikonyo kimoja. Nimesimama mbele ya miti miwili jirani, mmoja umejaa maua na mwingine ndiyo kwanza matumba yanaonyesha wekundu.

Ukitaka kuitofautisha, geuza ua utazame chini ya petali. Edohigan ana kikombe (kile kinachoshika petali) kilichovimba chini na kubanwa shingoni, kibuyu kidogo chenye vinyweleo. Kwenye Somei Yoshino kikombe ni chembamba, uvimbe umefifia, kwa sababu huyo ni chotara wa Edohigan na Oshima, aina nyingine ya sakura.

Sasa, wewe unayekwenda peke yako una nafasi ambayo basi la watalii halina: unaweza kusogeza siku. Akita mjini, pwani, wastani wa ua la kwanza ni tarehe 17 Aprili. Kakunodate iko bara, bondeni, na kwa kawaida hufuata baada ya siku chache. Usikate tiketi ya kurudi siku hiyohiyo ya kilele ulichotabiriwa. Epuka kuanzia tarehe 29 Aprili, likizo kubwa ya Wajapani, maana vyumba vya mjini vinaisha na nyumba ndogo za wageni nyingi hazipendi kumpa mtu mmoja chumba cha wawili. Lala mji wa Morioka au wa Akita. Kutoka kote kuwili, treni ya Komachi inakufikisha chini ya saa moja. Panda ya kwanza asubuhi, tembea mtaa wa samurai kabla mabasi hayajafika, na mchana, watu wakijaa huko, wewe nenda mtoni.