Ruzuku ya Serikali kwa askari wastaafu: si mapato mpaka mguu bandia uvaliwe

Mashirika yanayohudumia askari wastaafu na wajane wao huku Arusha na Moshi mara nyingi huharibu hesabu siku ileile ruzuku inapoingia benki. Mhasibu anaona milioni 48 kwenye akaunti, anaandika mapato milioni 48, na kila taarifa inayofuata inabeba kosa hilo. Fedha ya mlipa kodi iliyotolewa kwa masharti ni deni kwanza. Inageuka mapato kidogo kidogo kadiri sharti linavyotimizwa, na ndivyo viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS) kwa taasisi ndogo na za kati vinavyoelekeza.

Tuchukue mfano (tarakimu ni za kufundishia tu, si bei ya hospitali yoyote). Shirika la Moshi limepewa milioni 48 za miguu bandia 40, yaani 1,200,000 kwa mguu. Mkataba unasema kinachohesabiwa ni mguu uliokabidhiwa na mhusika akatembea nao. Kufikia Desemba 31 wamevaa watu 14. Mapato ni 16,800,000. Zile 31,200,000 zilizobaki zinakaa upande wa madeni kwenye mizania, hata kama zote ziko benki na mwenyekiti ameshaanza kuziita akiba.

Nasisitiza neno "kuvaliwa" kwa sababu mguu bandia haununuliwi kama kiatu. Moshi tuna bahati ya kuwa na hospitali ya KCMC, na hapohapo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hufungwa plasta ili kupata umbo, soketi ya kukiingiza hutengenezwa, mtu hujaribishwa, hurekebishiwa, kisha hufundishwa kutembea. Mzee wa Rombo au Karatu atakuja zaidi ya mara moja, na kila safari ina nauli, chakula, pengine na malazi ya msindikizaji. Kigutu nacho husinyaa, hasa miezi ya mwanzo baada ya mguu kukatwa. Soketi inalegea, inamchubua, na mguu wa gharama unaishia uvunguni mwa kitanda. Bajeti isiyo na kasma (mstari wake) ya nauli na marekebisho humlazimisha mratibu kuchota kwenye fungu jingine, na hoja ya ukaguzi inazaliwa hapo. Hakuna aliyeiba, lakini fedha imetumika nje ya mkataba.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya benki ya ruzuku peke yake, na msikope humo kulipa mishahara, hata kwa siku tatu. Mfadhili mwingine mliyetegemea fedha yake izibe akichelewa, pengo hilo litakutwa Juni 30, siku mwaka wa fedha wa Serikali unapofungwa. Kama shirika lenu linafunga hesabu Desemba, ruzuku moja itaangukia miaka yenu miwili. Wekeni rejesta yake inayoonyesha kilichopokelewa, kilichotumika, miguu iliyokabidhiwa na salio, muilinganishe na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. Mkataba nao utaje fedha imetoka wapi: katika bajeti ya Serikali Fungu 38 ni Ngome, yaani jeshi lenyewe, 39 ni JKT, 57 ni Wizara ya Ulinzi yenyewe. Ikitoka halmashauri, iandikwe hivyo.

Hati ya malipo iwe na ankara, risiti ya EFD, namba ya ruzuku na fomu ya makabidhiano yenye saini au dole gumba. Kodi ya zuio husahaulika sana. Mtaalamu mkazi akidai 2,000,000 kwa huduma, zuieni asilimia 5, yaani 100,000, mumlipe 1,900,000, na ile laki moja ifike TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kwa pango la ofisi ni asilimia 10. Mkimlipa yote, kodi itawadai ninyi, pamoja na riba, na sioni mtoa ruzuku atakayekubali kuilipa.

Kwa upande wa sheria, mkataba wa fedha inayozidi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, kwa mujibu wa Kanuni za 2018. Hesabu za mwaka zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Na kwa kuwa ndani yake kuna fedha ya umma, jiandaeni CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, naye akiuliza.

Kuhusu uwasilishaji, ninapenda namna ya Marekani. Fomu 990, ambayo mashirika ya hisani hujaza kule na umma unaruhusiwa kuisoma, ina mstari wake wa ruzuku za serikali, mbali na michango ya watu. Matumizi nayo hugawanywa safu tatu: huduma, utawala, uchangishaji. Hakuna kinachotuzuia kuweka jedwali kama hilo kwenye taarifa zetu. Mshahara wa dereva anayewapeleka wazee KCMC siku tatu kati ya tano za kazi unaingia huduma kwa asilimia 60, na kitabu cha safari za gari ndicho ushahidi. Bila kitabu hicho, mimi ningeuweka wote utawala.

Taarifa ya umma itaje idadi, wilaya na kiasi. Majina, namba za jeshi na namba za NIDA zibaki kwenye faili la wanufaika, kabati lifungwe, na mkaguzi alisomee hapohapo ofisini.