Je, wajua kwa nini mche mdogo huupita mkubwa?

Mteja akiingia kitaluni, macho humpeleka kwenye mche mrefu. Ana hamu ya kivuli, na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana mche wa mita moja na nusu bei yake imechangamka. Lakini uupande pamoja na wa sentimita 30 wa aina ileile, na mara nyingi ule mdogo ndio utakaoshika kwanza, kisha baada ya misimu michache uupite mwenzake.

Chanzo kiko ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki unaokuzia mche. Mche uliopitiliza muda kitaluni huendelea kurefuka juu, ila chini hauna pa kwenda. Mzizi mkuu ukigota kwenye plastiki hukata kona na kuanza kuzunguka. Pasua kiriba hicho kwa wembe uone: mizizi imejiviringisha kama kata ya kubebea ndoo. Haitanyooka yenyewe, hata uichimbie shimo la futi mbili. Itanenepa hivyohivyo, ikabane shina, na mti unaweza kuja kuangushwa na upepo ukiwa umeshakuwa mkubwa, watu wakailaumu mvua.

Halafu kuna suala la maji. Majani huyapoteza mchana kutwa, na mizizi midogo ndiyo inayoyarudisha. Wiki za mwanzo mche hunywa karibu kila kitu kutoka kwenye bonge la udongo ulilotoka nalo kitaluni, kwa kuwa mizizi bado haijavuka nje. Hivyo shimo linaweza kuwa na unyevu na mche ukanyauka palepale, hasa mrefu, wenye majani mengi kuliko bonge lake. Kwa hiyo maji ya mwanzo yamwage karibu na shina. Mizizi ikishatoka, mwagilia eneo pana zaidi, kwa wingi na kwa nafasi, ili iyafuate maji chini. Kikombe cha kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki hukohuko juu.

Kama mkubwa umeshaununua, usiutupe. Vua kiriba chote (wapo wanaofukia na plastiki yake, eti itaoza!), kata mizizi iliyozunguka chini, chanja ubavu wa bonge sehemu mbili tatu, na punguza majani. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na uso wa ardhi. Ukiizika, gome huweza kuoza. Kwa mwembe uliobebeshwa, pale ulipoungwa pabaki juu ya udongo.

Baada ya hapo adui mkubwa ni nyasi, kuliko hata jua. Mizizi yake iko juu, na mvua ikinyesha hunywa kwanza. Palilia duara la mita moja, tandaza majani makavu, ila yasiguse shina, na penye mchwa wengi yakague mara kwa mara.

Mche mrefu utahitaji mambo, yaani kijiti cha kuuegemeza, usilale. Funga kwa kamba laini, ilegee, kwa sababu shina hunenepa kwa kutikiswa na upepo. Lililobanwa kabisa hubaki jembamba. Mche wa sentimita 30 kwa kawaida hauhitaji mambo hata kidogo.