Askari katika riwaya ya makuzi ana kazi gani?

Riwaya ya makuzi humfuata mhusika mmoja tangu utotoni au ujanani hadi anapojitambua na kuanza kujitegemea. Wajerumani huiita Bildungsroman, na mfano unaotajwa sana ni riwaya ya mwandishi wao Goethe kuhusu kijana Wilhelm Meister, iliyotoka mwaka 1795 na 1796. Kijana wa riwaya hizi akiwa mkaidi, haikawii kabla hajakutana na askari.

Wasomaji wengi huiona sehemu hiyo kuwa ni adhabu: kaasi, kakamatwa, basi. Lakini kosa lenyewe mara nyingi ni dogo. Karuka ukuta, kavunja kioo, kakutwa barabarani usiku wa manane. Jambo jipya ni macho yanayomtazama. Nyumbani wanamjua kwa jina la utani na vituko vyake vyote. Kituoni ana jina kamili, umri na kosa. "Una miaka mingapi?" Askari anauliza ili ajaze fomu, kumbe hilo ndilo swali ambalo riwaya nzima inalizunguka. Akiwa mtoto, ataitwa mzazi. Akihesabiwa mtu mzima, atajibu mwenyewe. Na yule aliyekuwa akijitapa kila siku kwamba amekua, huenda hapo akatamani kuitwa mtoto!

Wala si lazima awe yeye anayetafutwa. Katika Great Expectations, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens iliyoanza kuchapishwa mwaka 1860, Pip, bado mtoto, ameiba chakula na tupa ili amsaidie mfungwa aliyetoroka. Siku ya Krismasi wanajeshi wanatokea mlangoni na pingu mkononi. Pip anajua amekwisha. Kumbe pingu zimeharibika, wanamtaka mhunzi wa nyumba hiyo, shemeji yake Pip, azitengeneze. Hakuna anayemgusa, ila hofu ile inatuonyesha dhamiri yake waziwazi.

Ukisoma, linganisha mara ya kwanza kijana anapokutana na askari na mara ya pili. Kwanza kijana hukimbia, hudanganya au hutukana. Baadaye maswali ni yaleyale, lakini pengine sasa ananyamaza ili kumlinda rafiki, au anasema ukweli ambao utamponza. Akiwa yeye ndiye msimulizi, askari naye hubadilika machoni pake: jitu la kutisha la sura ya tatu linaweza kuja kuonekana, sura ya ishirini, kuwa mtu mchovu anayengoja zamu yake iishe. Au kinyume chake, yule askari aliyemwamini ndiye anayegeuka kuwa mwongo.